Aliyeambiwa Asiandike

Wilber, Nebraska
9 Januari 1993

Mheshimiwa Bwana Kalous,

Jina lako nimepewa na mama mmoja wa hapa kwetu ambaye ulimtafutia ukoo wake mpaka mwaka 1690. Tangu hapo hatuli naye kwa raha, maana kila tonge ana babu mwingine wa kutusimulia. Mimi sihitaji kufika mbali hivyo. Namtafuta mtu mmoja tu.

Anaitwa Vavřinec Bureš, babu wa baba yangu. Alizaliwa mwaka 1858 katika kijiji cha Dolní Hůrka, upande wa Pelhřimov huko kwenu. Alikuja Nebraska mwaka 1880, akalima, akazaa watoto wanane, akafa mwaka 1931. Baba yangu, Emil, alilelewa naye na ndiye pekee aliyebaki anayemkumbuka.

Mzee huyo hakupenda kuzungumzia kwao. Ukimuuliza alikuwa na jibu moja: "Mwaka wangu wa pili hapa, jirani yetu mmoja alifika kutoka kijijini na neno la baba yangu. Baba alisema nisiandike." Basi, anaishia hapo, anakwenda kulisha nguruwe. Hakuandika mpaka anakufa. Sisi tumekua tukijua kwamba tumetoka kwa mtu aliyefukuzwa kwao.

Baba ana miaka themanini na mitano na moyo wake umechoka. Daktari hatuahidi majira mengine ya baridi. Anataka kujua kabla hajafa: babu yake alikosa nini, hata mzazi wake akamkataa? Mimi nataka kujua kuliko yeye, ila sababu zangu si za kumwandikia mtu nisiyemjua.

Unisamehe Kicheki changu. Nilikipata jikoni kwa bibi yangu na sijawahi kukiona shuleni.

Wako kwa heshima,
Leona Bureš


Pelhřimov
2 Februari 1993

Mheshimiwa Bibi Burešová,

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili kwa sauti ili mke wangu asikie. Kicheki chako si kibaya hata kidogo. Ni Kicheki cha bibi yangu mzaa baba, aliyefariki nikiwa na miaka kumi na mmoja. Kuna maneno humo sijayasikia tangu nilipokuwa navaa kaptula. Mke wangu alisema, "Huyu mama anaandika kama watu walioko makaburini wangeweza kuandika," kisha akafuta macho. Ilikuwa sifa, usichukie.

Sasa habari yenyewe, nayo inaniwia vigumu. Nimekwenda kwenye hifadhi ya nyaraka na kufungua daftari la ubatizo la parokia inayohusika. Mwandiko ni wa Kijerumani cha kale na padri alikuwa na haraka, lakini miaka thelathini ya kusahihisha kazi za wanafunzi imenizoesha. Vavřinec Bureš yumo, mmoja tu, wa mwaka huo huo wa 1858. Pembeni ya jina lake kuna msalaba mdogo. Nilifuata ule msalaba mpaka kwenye daftari la vifo. Alifariki Novemba 1860 kwa surua.

Nasikitika kukuarifu kwamba babu wa baba yako alikufa akiwa na umri wa miaka miwili.

Malipo sitaki. Mimi ni mwalimu mstaafu na kazi hii inaniondoa nyumbani, jambo ambalo mke wangu analishukuru zaidi yangu.

Kwa heshima na pole nyingi,
Oldřich Kalous


Wilber
20 Februari 1993

Bwana Kalous mpendwa,

Asante kwa rambirambi. Nilimsomea baba. Alikuna kidevu, akasema, "Kwa mtoto aliyekufa na miaka miwili, alikuwa na mkono mzito sana." Nami naongeza kwamba marehemu huyo alilima ekari mia na sitini, akajenga zizi ambalo mpaka leo halivuji, na akapiga kinanda cha mkono kwenye harusi zote za kaunti hii. Hongera zake.

Kwa hiyo si yeye. Nimejaribu upande wa huku pia. Nilikwenda parokiani kwetu, padri akanipekulia vitabu vyote kwa upole, hakuna Bureš. Nilipomweleza baba, alicheka mpaka nikamletea maji. Babu aligombana na kanisa hata kabla hajashuka melini, kama nusu ya Wacheki wa huku. Alikuwa miongoni mwa wale waliozikana wenyewe kwenye makaburi yao wenyewe, bila padri, kwa nyimbo na hotuba ndefu. Na mimi kitukuu wake mzima nikaenda kumtafuta altareni!

Naona nikueleze zile sababu zangu. Mficha maradhi kifo humuumbua, na wewe umenishughulikia kama ndugu.

Nina kaka, Lumir. Mwaka 1971, wiki ya mavuno, alimwambia baba kwamba kilimo kimemshinda na kwamba anakwenda Oregon kutengeneza boti. Baba alimjibu, "Bureš akitoka haandikiwi. Babu yangu alifungiwa mlango na hakulia, na wewe usilie." Alisema hivyo kama mtu anayetaja sheria ya ukoo. Mama alipofariki, Lumir alisafiri siku tatu, akasimama nje ya geti la makaburi, hakuna aliyemwita ndani. Mimi pia sikumwita. Hilo halinitoki moyoni.

Namfahamu baba. Nikimwambia "msamehe mwanao" atanigeuzia mgongo. Lakini kama babu alifukuzwa kwa kosa la kweli, labda ataona Lumir hakukosa kiasi hicho. Na kama hakufukuzwa, basi sheria yenyewe haipo. Muda ninao mchache. Nisaidie.

Leona Bureš


Pelhřimov
14 Machi 1993

Mheshimiwa Bibi,

Asante kwa kuniamini. Naandika kwa kifupi kwa sababu nina hasira na nafsi yangu.

Nilifanya kosa ambalo ningemwekea mwanafunzi alama nyekundu: nilimtafuta mtu kabla ya kutafuta nyumba. Huku kwetu watu huja na kuondoka, nyumba ndiyo inayobaki. Tangu enzi za babu wa babu zetu kila nyumba ina namba yake ukutani, na padri akimbatiza mtoto anaandika namba ya nyumba kabla ya kuandika jina. Jina linaweza kukupoteza. Namba inakufikisha mlangoni.

Tafuta karatasi yoyote ya babu yenye namba: sanduku, cheti, kitabu cha sala kama hakukichoma. Wale waliokwenda Amerika walisahau majina ya shangazi zao, lakini namba ya nyumba waliibeba mpaka kaburini.

O. Kalous


Wilber
1 Aprili 1993

Bwana Kalous,

Ishirini na tatu! Na usidhani nakutania kwa kuwa ni tarehe mosi Aprili.

Nilimuuliza baba babu alikuwa akiweka wapi karatasi zake. Akasema babu hakuamini karatasi, aliamini chama tu. Basi nikaenda kwenye ukumbi wa chama chetu cha kusaidiana, kile ambacho wazee walikiunda ili mmoja akifa wajane wasilale njaa. Vitabu vya zamani viko kwenye kabati la jikoni, chini ya vitambaa vya meza. Nilisaidiwa na akina mama waliokuwa wakioka kolache, vile vimkate vyetu vya plamu, kwa ajili ya dansi ya Jumamosi, ndiyo maana ukurasa niliokupigia picha una alama ya kidole chenye siagi. Ni fomu ya kujiunga ya mwaka 1897. Walimuuliza amezaliwa wapi, naye akaandika kwa mkono wake: "Dolní Hůrka, namba 23." Walimuuliza ndugu walio hai. Akaandika: "Sijui."

Niliposoma hilo neno moja nilikaa kwenye gunia la unga, akina mama wakanipepea.

Jambo jingine. Najua kwenu mwanamke ndiye anayetoa ruhusa, kwa hiyo natoa. Tuachane na ubwana na ubibi. Jumapili ya tarehe 18, saa sita mchana ya huku, ambayo huko ni saa moja jioni, nitainua glasi na kunywa undugu. Nawe uinue yako.

Leona


Pelhřimov
26 Aprili 1993

Leona mpendwa,

Nilisimama dirishani na pombe ya plamu ya shemeji yangu, nikanywa. Mke wangu aliuliza nakunywa na nani. Nikamwambia, na mama mmoja wa Amerika. Akasema, "Basi kunywa na ya pili, yuko mbali." Kwa hiyo kuanzia sasa mimi ni Oldřich.

Sasa kaa chini, ikiwezekana si kwenye gunia.

Namba 23, Agosti 1858: amebatizwa Vavřinec, mwana wa Jan Pechan na mkewe Kateřina. Naam, Pechan. Usiogope, ndiye huyo huyo. Kateřina alikuwa mjane wa marehemu Bureš, na nyumba ilikuwa ya Bureš. Jan Pechan alitoka kijiji kingine akaoa hapo, au tuseme aliolewa na nyumba, kama wanavyotaniwa mpaka leo wanaume wa namna hiyo. Ukiolewa na nyumba unachukua jina lake. Kanisani wewe ni Pechan na jeshini ni Pechan, lakini shambani, dukani na baa utaitwa Bureš mpaka ufukiwe, na watoto wako vilevile. Kijana akifika Amerika na karani akamuuliza jina, anataja lile ambalo mama yake alimwitia chakula. Yule mtoto wa surua alikuwa wa Bureš wengine, namba 9.

Nilikwenda pia kwenye orodha za jeshi. Mwaka 1880: "Pechan, Vavřinec. Ameitwa, hakufika. Hajulikani alipo." Babu yako alimkimbia Kaisari wa Austria aliyetutawala, Leona. Miaka mitatu ya buti na kupigiwa kelele kwa Kijerumani. Ningemkimbia hata mimi. Lakini hilo halijibu swali la baba yako, kwa sababu si kosa la kumfanya mzazi wa Kicheki amkatae mwanawe. Wengi walijivunia.

Jibu, kama lipo, liko namba 23. Nyumba ipo na ina mtu, Bibi Růžena Pechanová, yaani wa ukoo wa Pechan, mjane wa miaka sabini na minne. Nilikwenda kwa baiskeli. Alinipokea vizuri mpaka nilipotaja Amerika. Hapo akakunja uso. "Wanataka nini? Mashamba nimerudishiwa mwaka jana tu, baada ya ushirika kukaa nayo miaka arobaini. Waambie hakuna kitu." Akafunga geti. Akalifungua tena, akasema, "Na mbwa anauma," akalifunga.

Usimlaumu. Tangu nchi igeuke na wakomunisti kuondoka, kila wiki tunasikia mtu fulani ameibuka kutoka ng'ambo na wakili wake. Mwandikie wewe mwenyewe, kwa mkono. Huku barua ya taipureta ni barua ya serikali.

Oldřich


Wilber
8 Mei 1993

Bibi Růžena,

Mimi ni yule mtu wa Amerika. Sitaki nyumba, wala shamba, wala kijiko. Wakili sina. Nina baba mgonjwa na swali moja.

Vavřinec wa namba 23 aliambiwa na baba yake asiandike. Nasi tumebeba neno hilo vizazi vinne. Kama humo ndani kuna mtu aliyewahi kusema alikosa nini, nakuomba uniambie, hata kama ni aibu. Tumeshaizoea aibu yake, tunachokosa ni sababu tu.

Na kama kuna aliyewahi kuuliza alikoishia, nami nikujibu. Alifika salama. Alimwoa Anežka, mwanamke mcheshi kutoka Moravia aliyemfunga mdomo kila siku. Hakuwahi kulala njaa. Amelala kwenye kilima cha makaburi yetu magharibi ya Wilber, safu ya pili kutoka kwenye mwerezi, na kila mwisho wa mwezi huu tunapeleka maua ya peoni na kupalilia. Mwaka huu nitampalilia na kwa niaba yenu, kama mtaniruhusu.

Ukichagua kutojibu, bado nakushukuru kwa kuitunza nyumba aliyozaliwa.

Leona, binti Emil


Dolní Hůrka, namba 23
6 Juni 1993

Leona, mwanangu,

Mwalimu Kalous amekuambia mbwa wangu anauma. Haumi. Ana miaka kumi na minne na hana meno. Nilisema uongo getini kwangu, unisamehe.

Barua yako ilikaa mezani siku nne bila kufunguliwa. Siku ya tano niliifungua, nikafika pale ulipoandika amezikwa wapi, nikashindwa kuendelea. Nilimwita jirani aje amalizie kusoma. Mwanangu, nyumba hii imeuliza swali hilo miaka mia moja na kumi na mitatu, na wewe umelijibu bila kuombwa, tena ukampalilia. Asante. Nitaandika asante mara nyingi humu, uvumilie.

Sasa sikiliza. Mimi niliolewa hapa, lakini baba mkwe wangu alikuwa mwana wa Josef, mdogo wake Vavřinec, na alinisimulia haya tukichambua manyoya ya bata. Vavřinec alipokimbia jeshi, askari walikuja mara mbili. Walipekua, wakamwambia mzee Jan kwamba barua zote za kutoka Amerika zinafunguliwa posta, na kwamba siku wakipata hata moja ya Vavřinec, mzee atalala gerezani na Josef atachukuliwa mahali pa kaka yake akifikisha umri. Josef alikuwa na miaka kumi na sita.

Mwaka uliofuata jirani anayeitwa Matouš aliondoka kwenda Nebraska. Mzee Jan alimsindikiza mpaka njia panda, akampa maneno haya: "Mwambie asiandike mpaka askari wasahau. Na mwambie mahali pake papo." Ndivyo alivyosema. Huyo Matouš alikaa baharini wiki ngapi sijui, akitapika. Labda nusu ya pili ilimtoka njiani. Labda aliisema, na kijana mwenye uchungu akasikia ile ya kwanza tu. Matouš hakurudi, na sisi hatukuwa na wa kumuuliza.

Utasema maneno ya jikoni hayana shahidi. Ndiyo maana nakutumia karatasi. Mwalimu ameinakili yote na kugonga muhuri posta.

Unajua desturi yetu. Mzee akichoka anamkabidhi mtoto nyumba kwa mkataba, na katika mkataba anajiandikia vyake: chumba kidogo cha nyuma, maziwa ya ng'ombe mmoja, magunia ya shayiri, miti mitatu ya plamu. Asipoandika, mkwe atamnyima, sote tunafahamu wakwe. Mwaka 1884 Jan alimkabidhi Josef nyumba hii. Baada ya shayiri na maziwa yake na ya mkewe, akaandikisha hivi:

"Na kaka yake Vavřinec, aliyeko Amerika, akirudi wakati wowote, mzima au mgonjwa, peke yake au na watu wake, apewe mahali pa kulala kando ya jiko na chakula kwenye meza ya wote, maisha yake yote, wala mwenye nyumba asimuulize alikuwa wapi."

Mwaka 1919 Josef alimkabidhi mwanawe, yaani baba mkwe wangu. Askari wa Kaisari wameshakwenda na Kaisari wao, lakini anwani ya kumwandikia hawakuwa nayo. Walichokuwa nacho ni ile nafasi kando ya jiko, wakaiandika tena, neno kwa neno. Mwaka 1947 ilikuwa zamu yetu, mimi na marehemu mume wangu Václav. Nilikuwepo. Mwandishi wa mikataba alifika kwenye mstari huo, akaweka kalamu chini, akasema, "Mzee, huyu mtu sasa ana miaka themanini na tisa." Baba mkwe akamjibu, "Basi atakuwa amechoka zaidi. Andika."

Kuna la kuchekesha pia. Mkesha wa Krismasi kila nyumba huku huweka sahani moja ya ziada kwa mgeni asiyetarajiwa. Nilipoolewa hapa niliona mama mkwe anaweka mbili. Nikadhani maskini hajui kuhesabu. Nikairudisha moja kabatini, na huo ndio ugomvi wangu wa kwanza katika nyumba hii. Ya pili ilikuwa ya Vavřinec. Wanangu walikuwa wakigombana nani aioshe, kwa kuwa haikuchafuka.

Mwambie baba yako hakuna aliyefukuzwa. Mwambie pia nimekwenda kaburini kwa Václav nikamwambia Vavřinec amepatikana, yuko kwenye kilima na ana peoni. Nimesema kwa sauti, watu wamenitazama, na mimi nikawatazama.

Mkataba haujafutwa. Mwenye nyumba ni mimi, na jiko linawaka. Asante, asante, na tena asante.

Růžena


Wilber
11 Julai 1993

Růžena mpendwa, na Oldřich, ambaye najua utasomewa,

Niwaambie ilivyokuwa.

Nilimsomea baba mezani, mchana, akiwa na supu yake. Nilipofika kwenye mkataba aliweka kijiko chini. Akasema, "Rudia." Nikarudia. "Rudia tena hapo pa mwisho." Nikasoma: wala mwenye nyumba asimuulize alikuwa wapi. Akavaa kofia akatoka, akasimama kwenye zizi la babu, mkono umeegemea ukuta, mpaka supu ikapoa. Aliporudi alisema, "Miaka hamsini aliwakasirikia watu waliomwekea sahani." Kisha akasema, "Na mimi ishirini na miwili, na sikuweka hata kijiko."

Nilikuwa sijawahi kumwona baba akilia kabla ya hapo. Sikujua nifanye nini, nikampashia supu.

Siku ya pili alitaka nimpeleke mjini kwa wakili. Shamba ananikabidhi mimi, jambo tulilokwisha kubaliana, lakini sasa alitaka mkataba wa namna ya Hůrka. Alijiandikisha chumba chake cha chini, kahawa asubuhi, na haki ya kukosoa uokaji wangu. Halafu akasema, "Sasa andika: na mwanangu Lumir, aliyeko Oregon." Akayatamka yale maneno ya mzee Jan kwa kichwa, yote. Wakili ni kijana mstaarabu. Akamwambia, "Mzee Emil, kisheria hii haina uzito wowote. Kwa nini usimpigie simu tu?" Baba akamjibu, "Simu haina muhuri."

Basi imepigwa muhuri, ikatumwa Oregon kwa bahasha ya ofisi ya wakili. Leo ni siku ya kumi na nane na hatujapata jibu. Baba haulizi. Anakwenda tu kwenye sanduku la barua mara tatu kwa siku, na moyo ule, na kile kilima cha kupanda kutoka barabarani. Nikimkataza anasema anafanya mazoezi.

Lumir akinyamaza, nitamwelewa. Lakini hata hivyo, mmempa baba yangu kitu ambacho hakuna daktari angempa. Anawataja kwa majina akila. Tarehe 30 Mei tulipeleka peoni mbili, moja yetu, moja ya namba 23. Baba ameomba nafasi hapa chini aandike mwenyewe.

Leona

Bibi Růžena. Mimi ni Emil. Nashukuru kwa sahani.


Astoria, Oregon
15 Julai 1993

Baba,

Bahasha ya wakili ilifika mwisho wa mwezi uliopita. Niliiweka juu ya friji. Nilijua ni ya nini: unakaribia kufa, na unataka niwe nimefutwa rasmi kabla hujafa. Nilisema nitaisoma siku ambayo nitakuwa na nguvu, na siku hiyo haikuja. Jana mke wangu Denise aliifungua, maana yeye hana subira na karatasi za watu.

Alinisomea nikiwa nimesimama. Nikamwambia amekosea kusoma, anipe. Nikasoma mwenyewe, kisha nikakaa sakafuni.

Sijui wakili wako ameyatoa wapi maneno haya, na sitauliza, kwa kuwa karatasi inasema hata mimi nisiulizwe. Leona atanieleza. Nataka tu ujue kwamba nimeyaelewa. Asante, Baba. Sikuwa nikingojea shamba. Nilikuwa nangojea mstari mmoja.

Kuna jambo lazima nilitangulize, ili ukinifukuza unifukuze kwa kosa la kweli. Nina binti, Corinne, ana miaka kumi na tisa. Nilimwambia tangu mdogo kwamba babu yake alikufa. Ilikuwa rahisi kuliko kumweleza. Jana ilibidi nimwambie uko hai, unaishi kwenye shamba, na unatengea watu mahali kando ya jiko. Amenikasirikia kuliko wewe ulivyowahi kunikasirikia maishani, na unajua hicho si kipimo kidogo.

Tunaondoka kesho asubuhi, sote watatu. Corinne ndiye atakayeendesha njia nzima. Anasema akiniachia usukani nitageuza gari njiani, na anasema kweli.

Mwanao,
Lumir